Timu ya San Francisco ya kina Bill Russell: ni urefu tu au kulikuwa na kingine?

Swali: "Kocha shikamoo. Mi ni gadi wa timu ya basketi ya chuo huku Mwanza, uwanja wa maana hatuna tunaazima wa shule ya jirani. Nimesikia kuna chuo cha San Francisco kule Marekani miaka ya 50 nacho hakikuwa na uwanja lakini kikashinda mechi 60 mfululizo. Wenzangu wanasema ni kwa sababu walikuwa na Bill Russell mrefu kuliko wote basi, timu yoyote ingepewa yeye ingeshinda. Ni kweli? Na mbona bloku zake, yaani mitupo aliyoizuia, sizioni kwenye rekodi?"

Marahaba mdogo wangu. Nikujibu kwanza kabla sijaanza kurefusha: wenzako hawako sahihi, na ushahidi wa kuwafunga mdomo upo, ni msimu wa 1953-54. Msimu ule Russell alikuwepo tayari, mwaka wake wa pili chuoni, urefu uleule wa kama mita 2.08, mikono ileile mirefu, na timu ikamaliza msimu imeshinda 14 imefungwa 7. Timu ya kawaida kabisa. Mwaka uliofuata kocha yuleyule, Russell yuleyule, wakashinda 28 wakapoteza 1 wakabeba ubingwa wa NCAA (mashindano makuu ya vyuo kule Marekani), na mwaka mwingine tena wakashinda zote 29 wakabeba tena. Sasa kama ni urefu, huo urefu 1953-54 ulikuwa umeenda wapi?

Kilichotokea ni kwamba msimu ule wa kwanza kuna mtu alikosekana, anaitwa K.C. Jones, na kwa kuwa umesema wewe ni gadi ntakaa sana hapo kwa huyu jamaa maana watu wakisimulia hii timu wanamruka kana kwamba alikuwa anabeba maji.

Mechi ya kwanza ya msimu huo USF (ndo ufupisho wa University of San Francisco) waliifunga California, timu kubwa ya jirani ng'ambo ya ghuba, na Russell mechi yake ya kwanza kabisa na timu ya wakubwa akapiga bloku 13 kwa waliohesabu siku ile, senta (yule mrefu wa chini ya ringi) wa California Bob McKeen alikuwa na jina kubwa na hakujua kimempata nini. Watu wakasema hapa mwaka huu kuna kitu. Halafu baada ya mechi hiyo moja kidole tumbo cha Jones kikapasuka, akalazwa, msimu wake ukaishia hapohapo. Timu ikabaki na Russell ambaye bado alikuwa mbichi na wenzake ambao hawakujua wamtumieje, ikawa hiyo 14 kwa 7. Hiyo mechi moja ya Jones uishike kichwani, itarudi kumuumiza baadaye vibaya sana.

Sasa hawa wawili walikuwa wanalala chumba kimoja pale chuoni. Russell mwenyewe kasimulia kwamba mwanzoni Jones alikuwa haongei, yaani haongei kabisa, wiki zinapita jamaa anaitikia salamu tu, alafu siku moja akaanza kuongea na kuanzia hapo ikawa basketi usiku na mchana. Na hawakuwa wanaongelea fulani kafunga ngapi. Walikuwa wanaongelea uwanja kama hesabu: mtu akiwa na mpira pale pembeni, anaweza kupita njia ngapi, mimi nikisimama hapa nimemfungia ipi, nimemwachia ipi, na hiyo niliyomwachia inamwishia wapi. Inamwishia kwa Russell. Ndo siri yote hiyo mdogo wangu, ningeweza kuishia hapa.

Maana angalia hawa wametokea wapi. Russell amezaliwa Monroe, Louisiana, 1934, familia ikahamia Oakland, shule alisoma McClymonds na huko hakuwa nyota hata kidogo, kuna wakati kwenye timu ndogo ya shule walikuwa wanavaa jezi moja yeye na mwenzake kwa zamu, leo mimi kesho wewe. Chuo kimoja tu ndo kilimpa skolashipu, hiki cha San Francisco, kwa sababu jamaa mmoja aliyesoma pale, Hal DeJulio, alimwona kwenye mechi akaenda kumwambia kocha. Jones naye katokea Taylor, Texas, akakulia San Francisco, urefu kama mita 1.85 ambao kwa basketi ya vyuo si kitu, na mtupo wake ulikuwa mbovu, hilo hata yeye hakuwahi kulificha. Mtu mfupi asiyejua kutupa na mrefu asiyejulikana. Unaona basi kwamba kwenye ofensi hawa hawakuwa na jinsi ya kukutisha, ikabidi watafute upande mwingine wa mchezo ambao wengine wote walikuwa wanauona kama kazi ya kusubiri zamu yako ya kufunga.

Na chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha Wajesuiti, kiko juu kilimani, na hilo la uwanja ni kweli kabisa hukudanganywa. Mazoezi walikuwa wanafanya kwenye gym ya St. Ignatius, sekondari ya jirani, na mechi za nyumbani walikuwa wanahangaika, mara Kezar Pavilion, mara Cow Palace ambayo ilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya mifugo. Uwanja wao wenyewe, War Memorial Gymnasium, ulifunguliwa 1958, yaani Russell na Jones walishaondoka zamani. Kwa hiyo wewe wa Mwanza unayeazima uwanja usijione umepungukiwa, ingawa nakuonya kwamba kukosa uwanja peke yake hakujawahi kumfanya mtu bingwa, nimeona timu nyingi hapa kwetu zimeutumia kama kisingizio miaka nenda rudi.

Kuna historia nyingine ya chuo hiki haikunyimi usingizi lakini inafaa uijue. 1951 timu yao ya futiboli ya Kimarekani ilishinda mechi zote 9, na ikaelezwa wazi kwamba ikitaka kualikwa kwenye mechi kubwa za mwisho wa msimu kule Kusini iwaache nyumbani wachezaji wake wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler. Timu ikakataa. Haikualikwa kokote, na baada ya msimu huo chuo kikaifuta futiboli kwa sababu ya pesa. Kwa hiyo basketi ilipokuja kuwa na weusi wengi ilikuwa ni chuo ambacho kwenye jambo hilo kilishajulikana kimesimama wapi, japo usidhani maisha ya Russell pale yalikuwa mteremko.

Sasa kocha. Phil Woolpert. Huyu alipokea timu kwa rafiki yake Pete Newell, ambaye aliipa USF ubingwa wa NIT (mashindano mengine ya vyuo) 1949, na wote wawili dini yao ilikuwa moja: kaba. Kaba uwanja mzima, kila mtu na mtu wake, umsumbue mwenye mpira toka anapoupokea. Lakini Woolpert alikuwa na imani ya makocha wote wa enzi zile kwamba mkabaji mzuri haruki. Miguu chini, mikono juu, usiruke mpaka mpira uwe umeshatoka mkononi mwa mtu. Na ukifikiria walikuwa na sababu, ukiruka umeshajitoa mchezoni, jamaa akikupiga danganya anapita unabaki unamwangalia mgongo. Russell yeye alikuwa anaruka. Alikuwa pia mruka juu wa riadha pale chuoni, mmoja wa wazuri kabisa duniani kwa wakati ule, na alikuwa anaruka akiwa amepiga hesabu. Kocha anamwambia usiruke, yeye anajaribu kutoruka anaona anafungwa, anarudi kuruka. Hawakuwa marafiki wakubwa hawa wawili, Russell alikaa miaka mingi anaona kocha wake hakumwelewa. Ila sifa moja Woolpert mpe: alipoona kitu kinafanya kazi na yeye haelewi kwanini, alikiacha kifanye kazi. Makocha wangapi unawajua wanaweza hilo? Msaidizi wake Ross Giudice ndo alikuwa anabaki na Russell baada ya mazoezi kumfundisha mtupo wa "hook" (wa mkono mmoja juu ya kichwa) na mizunguko ya chini ya ringi.

Sasa kivitendo ilikuwaje. Jones na gadi mwenzake Hal Perry walikuwa wanakaba kwa kukaribia sana, karibu kuliko kitabu kinavyoruhusu, maana wakipitwa hakuna hasara. Sehemu nyingine yoyote gadi akipitwa ni pointi mbili, kwa hiyo gadi anakaa mbali kidogo kwa woga, na mwenye mpira anapata nafasi ya kupumua na kuangalia nani yuko wazi. Hapa hapumui. Na anapopitwa Jones, kapitwa upande ambao yeye mwenyewe kauchagua, mshambuliaji anadhani kashinda kumbe kasukumwa kuelekea kwa Russell. Alafu Russell haupigi mpira ukaenda kwa watazamaji kama unavyoona vijana wa siku hizi wanafanya wapate makofi. Anaugusa tu, kidogo, udondoke kwa mtu wake, na Jones keshaanza kukimbia. Bloku inakuwa pasi. Ukiupeleka nje umewarudishia mpira wapinzani wajipange upya, ukiuacha ndani ni shambulizi lenu. Na ikifika mara ya tatu ya nne mchezaji anaanza kutupa akiwa anamtafuta Russell kwa macho, hata kama Russell hayuko karibu, na mtupo wa mtu mwenye wasiwasi wewe unaujua unaishia wapi. Timu zilikuwa zinafunga takriban pointi 52 tu kwa mechi dhidi yao, misimu yote miwili ya ubingwa.

Basi msimu wa 1954-55 ukaanza, Jones kapona. Mechi ya tatu wakafungwa na UCLA ya John Wooden kule Los Angeles, 47-40. Wiki iliyofuata wakarudiana nyumbani wakalipa 56-44, na kuanzia hapo hawakufungwa tena mpaka Desemba 1956. Kipindi hicho ndo Woolpert akawa anaanza na Russell, Jones na Perry, weusi watatu kwenye watano wa kwanza, pamoja na Jerry Mullen ambaye alikuwa nahodha na Stan Buchanan. Leo utaona kawaida, lakini wakati ule hata vyuo vilivyokubali weusi vilikuwa na kanuni isiyoandikwa ya mmoja au wawili uwanjani na sio zaidi. Kocha alikuwa anapata barua za matusi. Timu ya Loyola ya Chicago na weusi wanne uwanjani ilikuja 1963, na ile Texas Western iliyoanza fainali na weusi watano ni 1966, watu wanazikumbuka hizo na wanasahau kwamba mlango ulishasukumwa miaka kumi kabla.

Desemba hiyo hiyo 1954 wakaenda Oklahoma City kwenye mashindano ya All-College. Hoteli za mjini zikakataa kuwapokea wachezaji weusi. Timu nzima ikakubaliana isigawanyike, wakaenda kulala wote kwenye bweni la chuo lililokuwa limefungwa kwa likizo ya Krismasi. Inasimuliwa kwamba kwenye mazoezi watu waliwatupia sarafu, na Russell akaziokota akampa kocha amtunzie. Wakashinda mechi tatu wakabeba kombe. Mi huwa nafikiri timu ile iliungana pale bwenini kuliko kwenye mazoezi yote ya mwaka, ila hilo ni langu, huwezi kulipima.

Machi ikafika mashindano ya NCAA. West Texas State wakapigwa 89-66, Utah 78-59, alafu ikaja mechi ambayo ingeweza kufuta haya yote ninayokuandikia: Oregon State, na inachezwa Corvallis kwenye uwanja wao Oregon State wenyewe, na wana senta anaitwa Swede Halbrook mrefu wa mita 2.2 hivi. Waambie wenzako hao wanaosema Russell alikuwa mrefu kuliko wote, hapa alikutana na mtu aliyempita kwa mbali. USF wakashinda 57-56. Pointi moja! Wakaifunga Colorado 62-50 nusu fainali, na fainali ikawa na La Salle ya Philadelphia, bingwa mtetezi, yenye Tom Gola ambaye wengi walimwona ndo mchezaji bora wa vyuo nchi nzima.

Hapa sasa nakuomba ukae vizuri. Gola ana mita kama 1.98 na anacheza kila mahali, ndani nje. Kila mtu alijua Russell ndo atamkaba, nyota kwa nyota, magazeti yalishaandika. Woolpert akampa Jones. Mfupi wa 1.85 amkabe mtu wa 1.98. Hesabu yake ilikuwa kwamba Russell akimfuata Gola nje, mlango wa nyuma unabaki wazi, bora Jones amsumbue Gola huko mbele asipokee mpira kwa raha, na akimpita basi Russell yuko palepale. Matokeo: Gola akaishia na pointi 16, Jones mwenyewe asiyejua kutupa akafunga 24 (ndio, ishirini na nne), Russell akafunga 23 na ribaundi (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa) 25, mchezo ukaisha 77-63. Tarehe 19 Machi 1955, Kansas City. Mpango wa mechi hiyo kwangu mimi ndo jibu zuri kuliko yote la swali lako, maana kocha mwenye mchezaji bora nchini alishinda fainali kwa kukataa kumtumia mahali ambapo dunia nzima ilitegemea amtumie.

Mwaka huo huo waandishi wa kaskazini mwa California walipochagua mchezaji bora wa eneo lao wakamchagua Kenny Sears wa Santa Clara. Sio Russell. Alisema baadaye kwamba tangu hapo akaacha kujali tuzo za mtu mmoja mmoja akahesabu ushindi tu, na ukiangalia maisha yake ya baadaye unaamini.

Msimu uliofuata wenye sheria wakamjibu. Eneo lile la chini ya ringi ambalo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3 likapanuliwa kutoka futi 6 hadi futi 12, ili watu warefu wasogezwe mbali, na watu wakaiita sheria ya Russell. Kuna kingine pia alikuwa anafanya, mwenzake akitupa mpira ukawa unaelekea vibaya yeye anauelekeza hewani uingie, hicho nacho kikapigwa marufuku baada ya yeye kumaliza chuo. Hiyo ya futi 12 haikumdhuru, nadhani ilimsaidia, kwa sababu masenta wazito wasiojua kutembea ndo walioumia, yeye alikuwa mwepesi na anafika popote. Msimu wa 1955-56 wastani wake ukawa pointi 20.6 na ribaundi 21.0 kwa mechi.

Desemba 1955 wakashuka New Orleans kucheza na Loyola ya kule, kwenye mji wa ubaguzi kabisa, halafu wakapanda New York kwenye Holiday Festival ya Madison Square Garden wakawapiga La Salle, Holy Cross ya Tom Heinsohn, na UCLA. Januari wakawa wamefikisha 39 mfululizo, rekodi wakati huo, na ya 40 ilikuwa dhidi ya California, na kocha wa California sasa ni nani? Pete Newell yuleyule. Newell anajua hawezi kushindana nao mpira ukichezwa, kwa hiyo akaamua usichezwe. Kumbuka vyuo havikuwa na saa ya kutupa mpira (ya kukulazimisha utupe kabla muda haujaisha) wakati ule, NBA, ligi ya kulipwa, ndo walikuwa wameianza 1954, vyuo vya wanaume viliipata 1985. Kwa hiyo senta wa California akasimama mbali na ringi, mpira mkononi, akatulia. Dakika zinapita. Russell anamwangalia, hamfuati. Watazamaji wanazomea, na hao wawili wamesimama tu. USF wakashinda 33-24. Unacheka lakini ukifikiria ni heshima kubwa hiyo, kocha bora wa wakati wake aliona nafasi yake pekee ni kugoma kucheza.

Sasa ile mechi moja ya Jones niliyokwambia uishike. Kwa sababu aliumwa, chuo kilimpa msimu wa ziada, lakini wenye mashindano wakasema ile mechi moja ya 1953 inahesabika kama mwaka, kwa hiyo msimu wa kawaida wa 1955-56 acheze, NCAA asicheze. Yaani ubongo wa difensi anakaa benchi na nguo za nyumbani mashindano yalipoanza. Kama ni timu ya mtu mmoja au wawili ingekufa hapo. Aliingia Gene Brown, wakaipiga UCLA 72-61, Utah 92-77, SMU 86-68 nusu fainali, na fainali kule Evanston, Illinois, Iowa wakaanza kwa 15-4. Timu iliyoshinda mechi zaidi ya 50 mfululizo iko nyuma pointi 11 na haijui kinachoendelea. Woolpert akabadilisha akamweka Brown amkabe Carl Cain ambaye ndo alikuwa anawaumiza, mlango ukafungwa taratibu, ikaisha 83-71. Russell pointi 26 na ribaundi 27, na hizo 27 bado ni rekodi ya fainali ya NCAA mpaka leo. Bingwa wa kwanza wa NCAA kumaliza msimu bila kufungwa. Na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano akapewa Hal Lear wa Temple, timu ya tatu! Kwa sababu alifunga 48 kwenye mechi ya kutafuta mshindi wa tatu. Watu na pointi bwana.

Baada ya hapo Russell na Jones wakaenda pamoja Melbourne 1956 wakabeba dhahabu ya Olimpiki, Urusi ya Kisovyeti ikala 89-55, na Cain wa Iowa alikuwa kwenye timu hiyohiyo. Halafu Boston Celtics ya NBA, Russell vikombe 11 na Jones 8, difensi ni ileile ya chumbani. Huku chuoni timu ikashinda 5 za kwanza bila wao, 26 kujumlisha 29 kujumlisha 5 ndo unapata 60 yako, mpaka Illinois walipowapiga 62-33 Desemba 1956. Hata hivyo wakafika tena nusu fainali ya NCAA wakatolewa na Kansas ya Wilt Chamberlain, wakashika nafasi ya tatu. Bila Russell, bila Jones. Hilo nalo waambie wenzako. Rekodi ya 60 ilidumu mpaka 1973 UCLA ya Bill Walton walipoipita.

Sijasema urefu si kitu, nisieleweke vibaya. Hasheem Thabeet wetu hapa na mita zake 2.21 alikuwa mkabaji bora wa Big East (ligi ya vyuo Marekani) mara mbili pale UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, na bila ule urefu asingefika. Ila hata yeye UConn ilikuwa na magadi wanaojua kumsukumia watu ndani, mtafute mechi zake za 2009 uangalie magadi badala ya kumwangalia yeye.

Kwa hiyo wewe gadi, na nadhani hapo kwenu mna senta mmoja mrefu wa kawaida, kaeni naye. Sio uwanjani tu, kaeni chini na karatasi. Mkubaliane upande gani unampitisha mtu, kila siku uleule, na yeye ajue kabla hujapitwa. Alafu mkatazeni kupiga bloku za kwenda nje, akipiga nje mazoezini wote mnakimbia uwanja. Zoezi la gadi wawili kwa washambuliaji watatu na senta mmoja nyuma ndo linafaa hapo, dakika kumi kila siku, na mshambuliaji akitupa kwa raha toka nje mjue gadi kaogopa.

Kuhusu rekodi za bloku, vyuo vya Marekani havikuwa vinahesabu bloku rasmi enzi zile, zilianza kuhesabiwa msimu wa 1985-86, na NBA nao walianza 1973 Russell keshastaafu. Kwa hiyo hizo 13 dhidi ya California na nyingine za namna hiyo ni za waandishi na watu wa chuo waliokuwa wanahesabu kwa mkono. Ukikuta mtandaoni mtu kaweka wastani wa bloku za Russell wa chuo kizima na desimali kabisa, muulize kazitoa wapi.